Mawaridi kwenye Matope

Msusi alikuwa na kaka mmoja tu, na huyo mmoja alimtosha. Watu walimwita Injinia, ingawa uhandisi wenyewe alikuwa ameusomea kwenye kiti cha kinyozi. Alikuwa na karakana ya kuvika mpira mpya matairi yaliyobaki vipara, kazi ya heshima kabisa kama angeifanya akanyamaza. Lakini Injinia na kunyamaza walikuwa hawasalimiani.

Safari hii alikuwa amezua makubwa. Kashata za tairi, yale matuta yanayoishika barabara, kwa wenzake ni mistari na pembe basi. Yeye alichongesha kalibu, lile umbo la chuma la kuchapia kashata, yenye mawaridi, majani yakipanda pembeni, na katikati taji. Akalivisha gari lake matairi manne ya kwanza, kisha akawaita jamaa karakanani waje kushangaa.

Msusi alikwenda, lakini si kushangaa. Asubuhi hiyo, akitoka kumsuka mteja mtaa wa pili, alikuta vigingi vipya vimepigwa kwenye kiwanja walichoachiwa na marehemu mama yao. Ndiko alikoishi, na barazani pale ndipo aliposukia. Baba mdogo, msimamizi wa mirathi, alishasema hapimi mtu wala hauzi mtu mpaka wakae wote, na Injinia aliitikia kwa adabu zote. Ilimuuma msusi, na si kidogo. Halafu akaona kitu karibu na kigingi, akacheka peke yake, akakifunika kwa karai kwa sababu mvua ilikuwa inanyemelea.

"Hapa," Injinia alisema, akiligonga tairi kwa kidole chenye pete, "ndipo sanaa inapokutana na barabara."

"Maua kwenye tairi," msusi akasema. "Nani atayanusa, kaka? Lami?"

Jamaa wakaangua kicheko, baba mdogo akiwa miongoni mwao.

"Wewe suka vichwa, dada. Mambo ya hadhi yatakupita."

"Yanipite tu. Ila jirani akiyapenda, si ataiga?"

"Aige nini! Nimeyasajili. Dunia nzima yapo haya manne. Kalibu nimeifungia ofisini, na ufunguo huu hapa shingoni."

"Na gari hujamwazima mtu?"

"Hili? Hata mke wangu haligusi."

"Basi uje nalo nyumbani tulione."

"Kwenye matope yale? Sijakanyaga kule tangu tumzike mama."

"Baba mdogo, umesikia?"

"Nimesikia, mwanangu," mzee akajibu. "Nimesikia mpaka nimechoka."

Msusi akawakaribisha chai kwake. Injinia ghafla akawa na shughuli nyingi, lakini baba mdogo alikuwa ameshafungua mlango wa gari na kuketi mbele. Walipofika, Injinia akasimama pembeni ya barabara, eti asiyachafue maua.

"Ingiza," mzee akasema.

Akaingiza taratibu, uso umemshuka. Nyuma yake mawaridi yalijichapa kwenye matope, jani kwa jani, taji kwa taji, mazuri ya kutia aibu. Msusi akasubiri washuke, akaenda penye kigingi, akainua karai.

Waridi, jani, taji. Matope yake yalikuwa yameanza kukauka.

Baba mdogo akainama, akatazama hili, akatazama lile. Alichukua muda wake.

"Labda kuna mtu ameiga," Injinia akasema, sauti imempungua.

"Kwa kalibu ipi?" msusi akauliza. "Ufunguo si uko shingoni?"

Injinia akaushika ufunguo, akauachia.

"Vua viatu," mzee akamwambia. "Ung'oe vigingi mwenyewe."

Akavua viatu vyake vyeupe, akakunja suruali, akakikumbatia kigingi cha kwanza na kuanza kukivuta huku akihema. Msusi alikuwa ameshaketi barazani, kitana mkononi, akimngoja mteja wake wa jioni.

"Kaka," akaita, "usisahau cha nyuma ya choo. Pale ulipogeuzia gari maua yamejaa tele."