Kiwanda Alichokishtaki Tharcisse

Kule Uvira, Kongo, kabla ya vita, Tharcisse alikuwa hakimu. Huku Fort Worth, Marekani, aliajiriwa kwenye kiwanda cha kupaka bampa za malori kromu, madini ya kung'arisha chuma. Jioni, akishavua ovaroli, alikwenda kwenye chuo cha jamii kusoma sheria za mazingira. Mkewe, Anastasie, alimuuliza kwa nini asisomee uuguzi kama Wakenya wa kanisani kwao.

"Mimi ni mtu wa sheria," alimjibu. "Sijui kuwa kitu kingine."

Somo lililomshika lilikuwa la sheria ya maji. Mwalimu, mama wa Kimarekani mwenye sauti ya upole, alieleza kwamba hakuna kiwanda kinachoruhusiwa kumwaga sumu mtoni, na kwamba mtu yeyote anaweza kulalamika, hata mgeni. Tharcisse alifikiria bomba lililokuwa nyuma ya kiwanda chao, lililotema maji ya manjano kwenye kijito. Akamfikiria pia Matumaini.

Matumaini alikuwa kijana wa Fizi, baba wa watoto wadogo. Tharcisse ndiye aliyemwombea kazi pale. Kazi yake ilikuwa kusafisha matangi ya dawa, na vidole vyake vilikuwa na vidonda vyenye kina ambavyo havikupona. Kanisani alipopokea sakramenti aliificha mikono ndani ya shati.

Siku moja, wakati wa chakula cha mchana, Tharcisse alipiga simu serikalini. Hakumwambia mtu.

Wakaguzi walikuja na chupa zao, wakachota maji, wakapiga picha, wakaondoka. Tharcisse aliwaangalia kutoka dirishani. Tangu atoke Kongo hakuwahi kuona sheria ikitembea kwa miguu yake yenyewe. Jioni ile aliingia nyumbani akiimba, na Anastasie akacheka bila kujua anachocheka.

Lakini mwenye kiwanda hakutengeneza bomba. Alikusanya wafanyakazi uani, akasema mtu mmoja kati yao ameita serikali, na kwamba kutimiza masharti kungekuwa mzigo asioweza kuubeba. Kiwanda kikafungwa. Mashine zikapakiwa kwenye malori kwenda Meksiko. Kijito kikabaki manjano vilevile, kwa sababu kampuni ilijitangaza kufilisika na hapakuwa na wa kukisafisha.

Karibu wote walioachishwa kazi walikuwa Wakongo.

Matumaini alikuja nyumbani kwa Tharcisse Jumamosi. Alikataa kukaa.

"Papa Zoé," alisema, akimwita kwa jina la binti wa Tharcisse kama kawaida, "ni wewe uliita serikali?"

"Ni mimi."

"Juu ya nini haukuniuliza?"

"Angalia mikono yako, Matumaini. Ile dawa ilikuwa inakula nyama yako. Sheria inasema..."

"Mikono ni yangu," alisema Matumaini. Hakupaza sauti. "Nilikuwa nalisha watoto nayo."

Anastasie alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko. Ndipo naye alipojua. Aliweka chini sahani ya ugali aliyokuwa amemletea mgeni, akaingia chumbani, akafunga mlango.

Habari ikaenea. Jumapili, benchi lao kanisani lilibaki na nafasi kubwa. Anastasie akaacha kwaya bila kuambiwa na mtu aache. Matumaini akahamisha familia yake kaskazini, karibu na Amarillo, kwenye machinjio ya ng'ombe, ambako walikuwa wanachukua watu bila maswali mengi.

Chuoni mwalimu alikuwa amesoma gazetini kwamba kiwanda alichofanya kazi Tharcisse kimefungwa baada ya ukaguzi. Akamwomba Tharcisse asimame awasimulie wenzake. Alisimama. Alitafuta Kiingereza, alitafuta hata Kifaransa chake cha mahakamani, akaona hana sentensi hata moja. "Wamefunga," akasema, akakaa. Darasa zima likapiga makofi.

Hakurudi tena chuoni. Alipata kazi ya kubeba maboksi kwenye ghala karibu na uwanja wa ndege, na akaacha kuzungumza habari za sheria.

Karibu na Krismasi alimpigia Matumaini simu. Mtoto akapokea. Tharcisse alimsalimu kwa Kiswahili, akajitambulisha, akamwomba amwite baba yake. Alisikia miguu ikikimbia, mlango, na sauti nzito ikisema neno fupi. Kisha mtoto akarudi, akamjibu kwa Kiingereza, kwa adabu, kwamba baba amesema hayupo.