Nguo Zilizobaki Kambani

Mama Pasi alikuwa dobi, na mtaa aliupima kwa kamba za nguo. Nguo zikianikwa asubuhi na jioni zikaanuliwa zote bila mtu kuzilinda, basi hapo binadamu anaweza kulala. Wateja wake aliwaambia hivyo miaka nenda miaka rudi. Lakini siku alipopigiwa simu kwamba mdogo wake amelazwa hospitali kubwa ya mjini, kipimo chake alikisahau nyumbani.

Mdogo wake alipanga chumba nyuma tu ya hospitali hiyo. Kila Mama Pasi alipotaka kumtembelea, mdogo alimkataza: "Usije, dada. Huku wanakwapua mpaka sufuria ikiwa motoni." Kwa hiyo Mama Pasi akatafuta nyumba ya wageni kwenye mtaa wa mageti na walinzi, mabasi mawili kutoka hospitalini.

Mgonjwa alipoambiwa, alicheka mpaka akakohoa. "Ufunguo wangu uko kwa jirani, yule msusi. Si ukalale kwangu? Ni hapo nyuma tu. Asubuhi chai ungeniletea ya moto."

"Kwa wezi wako? Nikikabwa, nani atakuuguza?"

"Wezi wenyewe watakukimbia, na hilo domo lako!"

Wakacheka wote wawili. Kisha mdogo akamshika mkono. "Kalale kwangu, dada."

"Kesho tutaona."

Kesho yake Mama Pasi alikuja mchana, akaondoka mapema giza lisimkute njiani. Siku ya tatu mvua ilimwagika tangu alfajiri, barabara ikajaa maji, basi likaganda pale pale saa tatu nzima. Alipofika wodini, kitanda kilikuwa kimetandikwa shuka nyingine.

"Alikuwa anakuita tangu kulipopambazuka," muuguzi alisema. "Nikamwambia uko njiani."

Akatakiwa alete nguo ya kumvika marehemu. Mvua ilikuwa imekatika, jua limetoka. Akaenda kwa miguu, mkoba kaubana kwapani, akiulizia kwa msusi. Hata pumzi haijampanda, akawa amefika. Uani, kwenye kamba, zilining'inia nguo: magauni mawili, shuka mbili, foronya.

Msusi alitoka, vidole vimejaa mafuta ya nywele, akamkumbatia kwa viwiko.

"Ni zake hizo, mama. Alizianika asubuhi ile aliyochukuliwa. Mvua ikija tunaanua, jua likitoka tunaanika tena. Alituagiza: dada yangu ni dobi, asije akakuta nguo zina uvundo."

"Siku zote hizi? Na hazijaibiwa?"

"Aziibe nani?"

"Aliniambia huku wezi watupu."

Msusi akainamisha kichwa. "Alikuwa anaona aibu, mama. Chumba kidogo, godoro limekwisha. Mwezi uliopita ndiyo akanunua jipya, akasema sasa naweza kumwita dada. Shuka hizo mbili ni zako. Alizifua ili ukija ulalie."

Mama Pasi akaanza kuanua, kama alivyoanua nguo za watu maisha yake yote, kibanio kimoja kimoja. Vilikuwa kumi na vinne, hakikukosekana hata kimoja. Akaomba pasi, akalinyoosha gauni la bluu, kola mara mbili, maana mdogo wake hakupenda kola iliyojikunja.

Kisha akazibeba zile shuka, akaingia ndani, akatandika kitanda. Kule kwenye mageti hakurudi tena.