Mahali pa Kufungia Kamba

...na nikituma ule wa kwanza watasema msichana huyu amenakili gari la Ulaya, na nikituma wa pili watasema kumbe watu wa Kasongo ndivyo walivyo, wanapenda meno, na mimi Asma ndiye nitakuwa nimewasemea, mimi ambaye hata kichwa changu sasa si mali yangu, kimebanwa kati ya magoti ya yaya Sidonie, dada anayenisuka, "usitingishike, mustari utapinda," anasema, kitana kinapita nyuma ya sikio langu, na wenye kiwanda Kinshasa wanataka mchoro mmoja kabla jua halijazama, mmoja tu, sura ya gari dogo la umeme watakalounganisha huko na kuliuza mpaka huku, barua yao ilikuwa fupi, wewe unayetoka ndani ya nchi tuambie watu wa huko watapenda uso gani, tukiridhika kazi ni yako... watu wa huko, kana kwamba nimewaweka mfukoni. Simu iko kiganjani, nyuso mbili, wa kwanza umefungwa, laini kama ganda la yai, maana mota ya umeme haihitaji kumeza hewa nyingi kama injini, mwalimu wetu wa uchoraji kule Lubumbashi alitueleza vizuri, Ulaya wanataka uso mtulivu, China wanataka mstari wa taa kutoka shavu hadi shavu na kioo kipana cha kugusa ndani, Marekani wanataka gari lenye kifua, linalomtazama mtu kutoka juu, kisha akafika kwetu na kengele ikalia, akafuta ubao... wa pili una wavu mkubwa wa mbele, kama meno, wa uongo, haupitishi hata mbu, niliuongeza kwa hasira kwa sababu ya Iliasi, mtoto wa baba mkubwa, anayebeba abiria kwa pikipiki, asubuhi nilimwonyesha ule wa kwanza akacheka, na bado yuko hapo nje anakaza mnyororo, sauti yake inapita kwenye pazia, "Enjeniere! Ile motokari yako bila mudomo, itakula wapi?" "Inakula umeme, kwa nyuma," namjibu, "Kwa nyuma! Yaya Sidonie, umesikia? Hivi ndivyo wanafundisha université!" na yaya anacheka mpaka vidole vyake vinatetemeka kwenye nywele zangu, "Iliasi, acha mutoto wa watu, wewe pikipiki yako inakula pesa ya bibi yako," na mimi pia nacheka, lakini Iliasi mwenyewe anapenda nini, aliacha nailoni ya dukani kwenye tangi mpaka ikachanika yenyewe, ili kila mtu ajue alinunua mpya, sasa hilo nalo nilichore, gari lililovaa nailoni... Yaya anashika fungu la nywele, anavuta, shingo inarudi nyuma, na ghafla kamba, kamba ya bluu, matope ya njia ya Kabambare, niko juu ya magunia ya mchele kwenye lori la baba, bado niko shule ya msingi, na mbele yetu gari jeupe la wageni limezama mpaka tumboni, jipya, uso unang'aa, na njia ile hakuna anayepita kabla wa mbele hajatoka, kwa hiyo wote wanashuka, wenye baiskeli wanazilaza, akina mama wanatua vikapu, na baba, Kamaldine asiyejua papara, anapapasa chini ya pua ya gari akitafuta kulabu ya kufungia kamba, hakuna, walikuwa wameificha nyuma ya kifuniko kidogo isiharibu urembo, hata dereva hakujua, basi kamba ikafungwa kwenye wavu, maana wavu ndio ulioonekana una nguvu, wakaimba, wakavuta, uso mzima ukang'oka, wanaume chali matopeni wameukumbatia, na gari palepale, rejeta nje, nyaya zinaning'inia... chuoni nilisimulia kisa hicho mara nyingi na kila mara walicheka, ila mwisho wake sikuwahi kuusimulia, baba hakucheka, aliuinamia ule uso uliolazwa kwenye majani, akaufuta tope kwa kiganja, akasema, "Iko muzuri sana. Lakini wenye kuitengeneza hawakufikiri kama kuna mutu ataisaidia." Ataisaidia... na mimi nimechora nyuso mbili, hakuna hata mmoja wenye mahali pa kufungia kamba, mimi niliyekuwa juu ya magunia. Wavu wa uongo utoke. Uso laini ubaki, ila katikati, wazi, kulabu, nene, nyekundu, inayotosha mkono uliolowa, kama pua... na Kinshasa watacheka, watasema huyu anauza gari kwa kutangaza kwamba litakwama, na kazi itaenda kwa mwingine, inawezekana kabisa, na kule Salamabila wanapenda nini sijui, kule Nyangwe sijui, sitaandika watu wa huko wanapenda, nitaandika nilichokiona njiani, hicho nakijua. "Enjeniere, umechagua?" Iliasi anauliza, bado anapigana na mnyororo. Kidole gumba kiko juu ya kitufe cha kutuma, kinaondoka. "Hapana. Nachora ingine." "Yenye mudomo?" "Yenye pua." "Ee Mungu," anasema, na yaya Sidonie ananiinamisha kichwa tena, anachukua fungu jingine, "hii ya karibu na uso itauma kidogo, nilegeze?" na mimi, macho kwenye kioo cheusi cha simu, usiilegeze yaya, vuta tu.