Cherehani ya Jirani

Nduku alikuwa na mdomo, na hakuwahi kuuonea haya. Kwa mdomo huo aliuza mapazia ya mitumba Soko la Toi, akasomesha Kevin na wadogo zake, akapata chumba cha heshima Kawangware kwenye nyumba za kupanga za Mzee Muiruri. Angekuuzia pazia hata kama nyumba yako haina dirisha.

Pale sokoni wana desturi yao. Jirani akienda chai, wewe uliyebaki ndiwe mwenye meza. Mteja akiuliza vitu ni vya nani, unajibu, "Ni vyangu, karibu," maana ukisema mwenyewe ametoka, mteja naye anatoka. Jirani akirudi unampa chake. Ni wema tu, na hakuna aliyewahi kuuogopa.

Siku hiyo Kihara, muuza vyombo kuukuu wa meza ya pili, alikuwa ametoka. Wakaja vijana wawili wenye kofia, wakasimama mbele ya meza yake.

"Niaje mathe. Hii cherehani ni ya nani?"

"Ni yangu, kastoma. Ishike uone. Hiyo ni chuma ya zamani, haijui kuzeeka."

Mmoja akatoa kitambulisho cha polisi. Nyuma yao akajitokeza Irungu, fundi wa nguo wa mtaa wa Olympic aliyevunjiwa duka, akaipindua mashine na kuwaonyesha jina lake alilolikwaruza chini. Mdomo ukawa umeponza kichwa. Kihara, aliyeona yote kutoka kibanda cha chai, alizima simu akapotea.

Kituoni Nduku aliomba apigiwe Shiru, binti ya Mzee Muiruri, ambaye ni wakili. Akimngoja, akajitungia hadithi: ataapa kwamba aliinunua soko la Gikomba. Kumtaja Kihara aliona ni kumuuza jirani, na kukiri kwamba alidanganya aliona ni aibu. Hadithi yenyewe ilikuwa tamu, hata muuzaji wa kubuni alikuwa na kigugumizi.

Afisa alikuwa mpole. "Mathe, uko na haki ya kunyamaza, sikatai. Lakini mtu msafi huongea. Toa story, tumalizane, uende home."

Nduku alikuwa ameshafungua kinywa Shiru alipoingia na kuomba kuongea na mteja wake faraghani.

"Mama Kevin, ulikuwa unataka kuwaambia nini?"

Akamweleza yote, ya kweli na ya Gikomba. Shiru akashika kichwa.

"Neno la kwanza ulilisema kwa mazoea. La pili usiliseme kwa hofu. Ukitaja Gikomba watakuuliza ni kwa nani na lini, na hapo utakuwa umejifunga mwenyewe. Katiba imekuruhusu kunyamaza. Nyamaza."

"Na ukweli je?"

"Ukweli tutaupeleka kortini, ukiwa umelala na umekula. Saa hii unatetemeka."

Kumnyamazisha Nduku ni kazi kama kufunga paka kwenye gunia, lakini alinyamaza. Afisa aliuliza, akarudia, akabembeleza, akagonga meza. Nduku alibana midomo mpaka machozi yakamtoka.

Mzee Muiruri alimdhamini. Huko Kawangware wakaanza kunong'ona kwamba asiye na hatia angejitetea, na hilo lilimuuma kuliko pingu. Mara nyingi alitaka kusimama njiani awaeleze wote. Usiku aliogopa jela, akiwaza nani atawalea wanawe.

Kesi ilipofika, shahidi wa polisi alisema mama alikiri mwenyewe kuwa cherehani ni yake. Hakukuwa na ushahidi mwingine. Kisha akaitwa Irungu, na Shiru akasimama.

"Fundi, wewe hununua vitu Toi?"

"Zipu na bitana. Miaka mingi."

"Umewahi kuuziwa na mtu ambaye meza si yake?"

Irungu alimtazama Nduku, akakuna shingo. "Kila mara. Hata huyu mama aliwahi kuniuzia zipu, akasema ni zake. Chenji nikangoja mwenyewe arudi."

Watu wakacheka. "Mbona hukuwaambia polisi?" Shiru akauliza.

"Hawakuniuliza. Na nilikuwa na hasira, nimeibiwa."

Mwendesha mashtaka akaruka: kama ni hivyo, kwa nini mshtakiwa hakusema kituoni? Hakimu akainua macho. "Kunyamaza ni haki yake. Korti hii haitaihesabu kuwa kosa."

Akaamua kwamba "ni yangu" ya sokoni haithibitishi wizi, kwamba Nduku hana kesi ya kujibu, na Irungu arudishiwe cherehani yake. Nduku alilia kwa sauti, na safari hii hakujizuia.

Kesho yake Kihara alikuja sokoni, kofia mkononi. "Nisamehe, Mama Kevin. Niliogopa. Nataka niende kituoni niwaambie makarao yule aliyeniuzia ile cherehani."

"Nilikupigia, Kihara, na wewe umezima simu." Akakunja pazia alilokuwa ameshika. "Utawaambia. Lakini kwanza twende kwa Shiru. Usitangulize mdomo kama mimi."

Tangu Nduku akamatwe, safu nzima ilikuwa imeingia baridi. Jirani akitoka, meza yake inabaki yatima. Hata sasa mteja alikuwa amesimama mbele ya viatu vya Nasambu, jirani mwingine aliyekuwa ametoka.

"Hizi viatu ni za nani?"

Mmoja akainama kukunja nguo, mwingine akatazama simu. Mteja akaanza kugeuka.

"Ni za Nasambu," Nduku akasema. "Ameenda chai. Karibu, nikuuzie."

Mteja akafikiri kidogo, kisha akavua kiatu ajaribu.