Sinia la Tatu

"Hapa, Guka. Hapa ndipo mstari unaanguka."

Mzee Ngari alikitazama kidole cha mjukuu wake, wala hakuutazama mstari wa grafu. Chai ilikuwa imeshaanza kufanya utando kikombeni. Mezani, Wacuka alikuwa ametandaza kazi ya majuma sita ya likizo: masinia matatu ya mahindi ya shamba lao la Kiminini, yaliyopimwa uzito kila asubuhi kwa mizani ndogo ya chuo, ili ijulikane jinsi maji yanavyotoka katika punje. La kwanza lilikuwa la punje nzima, la pili la punje zilizooza, na la tatu la mchanganyiko.

"Siku zote sinia la tatu linapoteza gramu mbili. Siku ya kumi na nne, gramu kumi na nne kwa mpigo! Nafikiri mbovu zikikaa na nzima hushika maji, halafu zinayaachilia ghafla. Hakuna kitabu nimeona kimesema hivyo."

Nafasi aliyoitafuta Wacuka kwa kawaida huwaendea wanafunzi wa uzamili. Mwaka huu Daktari Agneta Wekoye, mhadhiri wa fizikia kule Bungoma, alikuwa ameifungua maabara yake kwa wanafunzi wa mwaka wa tatu. Tisa wangewasilisha matokeo yao leo. Wawili wangechaguliwa kufanya utafiti naye mwaka mzima. Tangu Januari, Wacuka hakuwa ametamani kitu kingine.

Mzee Ngari alikuwa ameishika siku ile ya kumi na nne kwa mikono yake mwenyewe.

Kwa miaka thelathini na mmoja alisimama langoni mwa bohari ya nafaka, Kitale, bambo la chuma lenye ncha mkononi. Alilichoma gunia, mahindi yakamwagika kiganjani, na kidole gumba kikazitenga mbovu kabla jicho halijaziona. Aliwahi kulirudisha lori la ndugu yake wa kuzaliwa. Alhamisi ile ya siku ya kumi na nne, Wacuka akiwa amekwenda Kitale kutafuta betri ya mizani kabla ya kupima, mzee alipita stoo, akaona weusi juu ya sinia la tatu. La pili, bovu lote, aliliacha kama gunia lililokwisha kukataliwa. Chuo kitasemaje juu ya mahindi ya kwa Ngari? Akazichambua zilizokuwa juu, akazitupa chooni, kwa kuwa punje ya namna ile hapewi hata kuku. Kisha akasahau, kama mtu anavyosahau kwamba amefunga vifungo vya shati.

Sasa alikumbuka. Alifungua kinywa.

"Kunywa chai," alisema. "Tutachelewa."

Walifika Bungoma kabla ya saa tatu. Kila mwanafunzi aliruhusiwa kuja na mzazi mmoja, na Wacuka alikuwa amemchagua yeye. Mlangoni mwa ukumbi alisimama Sifuna, kijana wa Kanduyi aliyesoma naye, tai yake imekaa upande.

"Wacuka, niaje! Ati umeleta guka akutetee?"

"Wewe itetee kwanza hiyo tai."

Sifuna alicheka, akamwinamia mzee kwa heshima, akaingia. Mzee Ngari aliketi kwenye benchi la nje. Akavua kofia.

"Wacuka, kaa."

"Guka, mimi ndiye nafuata kuitwa."

"Kaa. Siku ile ulipokwenda kutafuta betri, nilichambua mahindi yako."

Kwanza alicheka. "Ulichambua aje?"

"Sinia la tatu. Nilitoa yaliyooza."

Kicheko kilimkauka. "Guka! Si nilisema yasiguswe?"

"Ulisema."

"Na asubuhi nikikuonyesha, ukanyamaza tu?"

"Nilinyamaza."

Katika miaka yake sabini na sita, hakuna mtoto wa nyumba yake aliyewahi kumhoji namna hiyo. Hakumkemea. Wacuka alijifuta macho kwa mkono wa sweta, akatazama mlango, akashusha sauti.

"Hakuna mtu anajua. Ni wewe na mimi tu."

Maneno hayo mzee aliyajua. Madereva wa malori waliwahi kumwambia langoni, kwa sauti hiyo hiyo, na wote aliwarudisha na magunia yao. Leo yeye ndiye aliyekuwa na gunia bovu. Atamkanya mwenziwe kwa kinywa gani?

"Ni kweli," alisema.

Ndani, jina la Wacuka likaitwa.

Mzee aliketi safu ya nyuma kabisa. Wacuka alichora mistari yake mitatu ubaoni, akaeleza mizani, akaeleza joto la stoo, sauti yake ikiwa imara. Alipofika siku ya kumi na nne, chaki ilisimama.

"Nilikuwa nimepanga kuwaambia kwamba hapa kuna ugunduzi," alisema. "Hakuna. Sampuli iliguswa. Babu yangu aliondoa punje zilizooza. Nimejua sasa hivi, hapo nje."

"Guka aliona tusile sumu, bana!" Sifuna alisema, na ukumbi ukaangua kicheko.

Daktari Agneta hakucheka. Aligeuka polepole kitini, akaangalia nyuma.

"Habari yako, mzee. Ulitoa ngapi?"

Mzee Ngari alisimama. "Arobaini."

"Unakadiria?"

"Sikadirii, Daktari. Nilihesabu. Mkono wangu ukichambua, huhesabu."

Wacuka alikuwa ameshaugeukia ubao. Punje mbovu moja, gramu sehemu tatu za kumi, mara arobaini. Akaandika kumi na mbili. Akaitoa katika kumi na nne. Zikabaki mbili, kama siku nyingine yoyote.

"Basi maji hayakuruka popote," alisema Daktari.

"Hayakuruka."

"Lakini kuanzia siku hiyo, sinia hilo si lile uliloanza nalo. Siwezi kulihesabu."

"Ndiyo, Daktari."

"Majina yatabandikwa Jumatatu. Endelea na mawili yaliyobaki. Una dakika nne."

Wacuka alichukua kifutio. Akaufuta mstari wa tatu kuanzia siku ya kumi na nne, akienda kulia, bila haraka, mpaka ukingoni mwa ubao. Mstari ukaishia hewani. Mbele yake ulibaki weusi mtupu wa ubao, na ndani yake ukungu mwembamba wa chaki. Nyuma ya ukumbi Mzee Ngari alikuwa bado amesimama, kofia mkononi, kwa kuwa hakuna aliyemwambia aketi.