Nyumba Mgonjwa

Wiki nzima watoto wa chekechea hawakutaka mchezo mwingine ila wa nyumba mgonjwa. Hakuna aliyewafundisha. Kila asubuhi walisogeza vitu vyao mbali na ukuta wa nyuma, kisha binti mmoja wa miaka mitano, waliyemwita Kipengo kwa ajili ya jino lake lililong'oka, akaenda kutega sikio ukutani.

"Leo anakohoa zaidi," alitangaza.

Mwalimu wao aliwaacha. Kwake yeye, mtoto anayecheza yuko kazini, na mtu akiwa kazini hasumbuliwi. Lakini mchezo huu ulimsisimua mwili. Jumatatu walimpa mgonjwa dawa. Jumatano walimfunga bandeji za karatasi. Alhamisi wakaacha kumtibu, wakaanza kuhamisha wanasesere, kimyakimya, kama watu wanaojua wanachokikimbia.

"Mbona mnawahamisha, wanangu?"

"Hatapona, Mwalimu," Kipengo akajibu bila kuinua macho.

Watoto walipoondoka, mwalimu alisogeza kabati, naye akatega sikio. Mchanga ulikuwa ukichuruzika ndani ya ukuta. Nyuma ya kabati palikuwa na ufa unaomeza vidole vinne.

Alikwenda mbio kwa mkuu wa shule.

"Ni rangi tu imepasuka," mkuu akasema. "Fundi atakuja wiki ijayo. Na hiyo michezo basi! Mzaha mzaha, hutunga usaha. Wazazi wanataka kuona madaftari."

Ijumaa walikuta madawati yamepangwa safu nne, ya kwanza ikigusa ukuta ule. Watoto walisimama mlangoni. Hakuna aliyeingia.

"Kaeni!" mkuu akafoka.

Kipengo akaushika mkono wa mwalimu.

"Twendeni nje," mwalimu akasema.

"Ukitoka nao, usirudi hapa!"

Akatoka nao. Mkuu aliwafuata uani akibwata, na hasira hiyo ndiyo iliyomwokoa. Ukuta haukupiga kishindo mara moja. Uliguna kwanza, ukainama, kisha ukayalalia madawati yote.

Mwalimu aliwahesabu watoto mara tatu. Ishirini na sita. Vumbi lilipotulia, wao walikuwa wameshachuchumaa karibu na tangi la maji, wakinong'onezana jambo jipya.

Mkuu, mweupe kwa vumbi, akasogea polepole.

"Wanacheza nini?" aliuliza kwa sauti ya chini.

Mwalimu akamwashiria anyamaze, wakachuchumaa wote wawili kusikiliza.