Baraza Aliyoitaka Fundi

Haya nitakayosimulia ni kweli tupu. Nikitia chumvi hata punje moja, meno yangu ya bandia na yadondoke kwenye supu mbele ya wakwe zangu.

Tulikizunguka kisiwa watu watatu kwenye gari langu bovu: mimi, niliye dereva mstaafu; Fundi, rafiki yangu wa ujanani, aliyeshona nguo mpaka macho yakamwisha; na Nesi, dada yake, aliyekaa nyuma na chupa ya chai akinisema kila kona. Fundi sasa haoni ila mwanga na giza, kwa hiyo mimi ndiye nilikuwa macho yake. Kwenye mnara wa taa nilimwambia mlinzi amelala, taa inawashwa na mbuzi. Pangoni nikamwambia nimeona popo wawili wamevaa miwani ya jua.

"Kaka, usimsikilize huyu," Nesi alisema. "Ni tundu tu, tena linanuka."

"Mwache," Fundi akacheka. "Na soksi je, wamevaa?"

"Mmoja tu. Mwenzake hali yake duni."

Tuliporudi garini akanishika mkono, kicheko kimemwisha.

"Sikia, bwana. Mengine yote nidanganye utakavyo. Nyumba ile tu, uniambie kweli."

Nyumba yenyewe ilikuwa ya kulala wageni, upande wa mashariki. Ndiko alikompeleka mkewe wiki ya kwanza ya ndoa yao, na kila jioni walikaa barazani mpaka mbu wawafukuze. Shemeji tulimzika mwaka jana. Fundi alitaka kukaa pale mara moja tena. Alikuwa amevaa suruali aliyojishonea kwa safari ile ya kwanza, ameikaza kwa mkanda maana mwili umemkimbia.

Tukafika. Nesi akachungulia nje, akaziba mdomo kwa kiganja. Bahari ilikuwa imeila nyumba.

"Ipo?" Fundi akauliza.

Nikaitazama ile suruali.

"Ipo. Wameipaka kijani. Kuna mama anamwagilia maua, anatupungia."

"Basi mpungie na wewe, usiwe na kiburi."

Nikapunga. Nesi alinitazama kama aliyemkuta mwizi jikoni kwake.

"Nipeleke barazani."

"Wamefunga. Rangi haijakauka."

Fundi akafungua mlango wa gari, akashuka, akainamisha kichwa, akatega sikio.

"Baraza ilikuwa huku barabarani," alisema taratibu. "Bahari ilikuwa nyuma ya nyumba, unaisikia kwa mbali. Mbona sasa naisikia sebuleni?"

Mimi, niliyewahi kumfanya trafiki aniombe radhi, nikaanza kukohoa.

"Nilikuomba kitu kimoja tu, ndugu yangu."

"Nilikuonea huruma."

"Huruma nyumbani ninayo, Nesi ananipa kutwa. Wewe nilikuleta uone. Sasa lipa."

"Nilipe nini?"

"Anza upya. Kuna nini?"

Nikalipa. Nilimwambia hakuna mama, hakuna maua. Zimebaki ngazi za saruji kando ya barabara, na mbele yake kipande cha sakafu nyekundu, ukubwa wa meza ya kukatia nguo, kimepasuka katikati. Bomba lenye kutu limesimama peke yake. Machozi yalikuwa yanamtoka, na kila niliponyamaza alinibana kidole niendelee.

"Sakafu nyekundu," alisema. "Ndiyo baraza yenyewe. Nikalishe."

"Imelowa. Utaharibu suruali."

"Umeishona wewe?"

Nikamkalisha akiielekea bahari, nikakaa ubavuni kwake. Nesi akavua viatu, akaja kukaa upande wa pili, akamshika kaka yake mkono. Wimbi likatupanda mapajani.

"Mbele kuna nini?" Fundi akauliza.

"Maji."

"Na baada ya hapo?"

Mdomo uliniwasha. Nilikuwa na meli, nilikuwa na nyangumi, nilikuwa na kila kitu.

"Maji tu, Fundi," nikasema.